Vidukari waliogeuka kahawia: weka bomba chini kwanza

Swali la msomaji: "Daktari, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Ruai, hapa Nairobi. Kwenye ploti zangu mbili za futi 50 kwa 100 nimepanda sukuma wiki, na nyuma ya nyumba nina kivungulio cha plastiki cha mita 8 kwa 15 chenye pilipili hoho. Vidukari wamenishinda. Mwezi huu nimepiga dawa mara 3, na kila baada ya siku chache wanarudi kana kwamba niliwamwagia maji. Kijana wa agroveti ameniambia kuna nyigu wanaouzwa chupani ambao huwamaliza. Je, ni kweli, na je, ninunue? Hawatawauma wajukuu wangu? Halafu kuna jambo jipya: kwenye sukuma ninaona vidukari waliovimba, rangi ya kahawia kama punje za wimbi, ambao hawasogei hata nikiwagusa. Huu ni ugonjwa gani, na nipige dawa gani?"

Jibu: Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Weka bomba chini kwanza. Hao waliovimba na kugeuka kahawia si wagonjwa, wala si aina mpya ya mdudu. Ni vidukari waliokwisha kufa, imebaki ngozi tu, na ndani ya kila ngozi ambayo haijatobolewa amelala nyigu mchanga anayesubiri siku yake ya kutoka. Yaani wale nyigu unaoulizia bei wamekwisha kufika shambani mwako wenyewe, bila kuitwa na bila kulipiwa, na dawa utakayopiga kesho itawaua kabla ya kummaliza kidukari wa mwisho.

Najua neno nyigu linatisha, hasa kwa mtu mwenye wajukuu wanaocheza uani. Tulizoea kumwita kwa jina hilo yule mdudu mwenye kiuno chembamba anayejenga kiota darini na kukuchoma ukimsogelea. Hawa ni jamaa zake wa mbali. Mmoja wao kwa kawaida ana urefu wa milimita 2 au 3 tu, ni mweusi au kahawia iliyokolea, hana kiota, hana kundi la kulinda, na kile ambacho kwa nyigu wa darini ni mwiba, kwake kimebaki kuwa mrija wa kutagia mayai usioweza kutoboa ngozi ya mtu. Nimefanya kazi nao kwa miaka mingi, wakitembea juu ya mikono yangu na kuingia hata kwenye miwani, na sijawahi kuumwa. Wajukuu wako huenda wamekwisha kuwaona wakadhani ni visubi.

Ukitaka kuwaona kazini, nenda kwenye sukuma asubuhi kabla jua halijawa kali, uchukue kioo cha kukuzia kile cha kusomea gazeti, kisha ukae kimya mbele ya jani lenye vidukari. Jike hutembea juu ya jani akipapasa kwa vipapasio vyake viwili bila kupumzika. Akimfikia kidukari, humgusa kwanza, kama mnunuzi anayebonyezabonyeza parachichi sokoni kabla ya kulipa. Akiridhika, hukaza miguu, hulipinda tumbo lake likapita chini ya mwili, katikati ya miguu yake mwenyewe, mpaka ncha yake ikatokea mbele ya kichwa, kisha huchoma. Ni tendo la kufumba na kufumbua. Kidukari hurusha teke, pengine hutoa tone la utomvu kutoka kwenye vile vijibomba viwili vya mgongoni ili kuwaonya wenzake, lakini yai limekwisha kuingia, na nyigu tayari anampapasa mwingine. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai katika maisha yake, na karibu kila yai hutiwa ndani ya kidukari wake.

Yai huanguliwa humo ndani. Buu huanza kunywa majimaji ya mwili wa kidukari huku kidukari mwenyewe akiendelea kutembea na kunyonya jani, na kama alichomwa akiwa mkubwa, huweza hata kuendelea kuzaa kwa siku kadhaa. Mwishowe buu humaliza kila kitu kilichomo, hutoboa ganda kwa chini, huligandisha kwenye jani kwa nyuzi za hariri, kisha hujifunga ndani yake ili abadilike. Hapo ndipo ngozi hukakamaa, huvimba na kupata ile rangi ya wimbi uliyoiona. Siku chache baadaye nyigu mzima hukata mlango wa mviringo upande wa nyuma wa ganda na kutoka. Safari yote, tangu yai mpaka mlango, huchukua takriban wiki 2 katika nyuzijoto 20, na siku kama 10 ikiwa joto ni 25. Katika baridi yetu ya Julai huzidi hapo.

Hizo wiki 2 zikumbuke, kwa maana ndizo zinazoeleza kwa nini dawa yako imeshindwa mara 3. Kidukari wa nchi za baridi hulazimika kutaga mayai ili avuke majira ya theluji. Wa Nairobi hana haja hiyo. Mwaka mzima ni majike watupu, hawahitaji dume, hawatagi bali huzaa watoto hai, na mtoto anapozaliwa tayari ana viini vya watoto wake tumboni. Baada ya wiki moja hivi, au siku 10 kukiwa na baridi, naye anazaa. Basi unapopiga dawa, unaua vidukari wengi, lakini wale waliojificha chini ya majani yaliyojikunja na kwenye moyo wa mche hubaki. Unawaua pia nyigu wazima, ambao hawana pa kujificha kwa kuwa kazi yao ni kutembea juu ya majani, na unawaua mende wadogo wekundu wenye madoa meusi pamoja na funza wa nzi wa maua, ambao nao hula vidukari. Baada ya hapo mbio zinaanza upya, ila sasa vidukari wanakimbia peke yao. Kufikia wakati nyigu wa kwanza anatoka gandani, vidukari wamekwisha kupata wajukuu, na wewe umekwisha kujaza bomba tena. Anayekushinda hapo ni kalenda ya dawa yako, kwa sababu kila mara inawaondoa uwanjani wapinzani waliokuwa wakimfukuza kidukari.

Kabla ya kuamua lolote, fanya jambo moja dogo ambalo wewe kama mwalimu utalipenda, na wajukuu watalipenda zaidi. Kata jani moja la sukuma lenye maganda kama 20 ya kahawia ambayo hayajatobolewa. Pangusa vidukari walio hai kwa brashi laini, tia jani kwenye chupa safi ya kioo pamoja na kipande cha karatasi ya kunyonya unyevu, funika mdomo kwa kitambaa chepesi na ufunge kwa mpira. Weka kivulini, ndani ya nyumba. Katika muda usiozidi wiki 2 utaona vidudu vyeusi vikitembea kwenye kioo. Hapo chukua kile kioo cha kukuzia uangalie matundu. Tundu la mviringo lenye ukingo laini, mara nyingi likiwa bado na kifuniko chake kinachoning'inia, ni la nyigu wetu. Tundu lenye ukingo uliochanikachanika ni habari mbaya kidogo, maana wako nyigu wengine wadogo zaidi ambao hutaga ndani ya nyigu huyu aliyemo ndani ya kidukari. Ndiyo, mwizi naye ana mwizi wake. Ukiwapata wachache, usijali. Wakiwa ndio wengi, basi jeshi lako linaliwa kutoka ndani, na hilo hutokea zaidi msimu unapokwenda sana, hasa ndani ya vivungulio ambamo vidukari na nyigu wamekaa pamoja kwa miezi.

Ukiona baadhi ya maganda ni meusi tititi badala ya kahawia, hao ni jamii nyingine, Aphelinus, ambao huenda polepole lakini wana faida ya ziada: jike huwachoma vidukari kadhaa si ili atage, bali ili anywe majimaji yao. Ila yale magamba meupe, mepesi kama vumbi, yaliyotapakaa juu ya majani, yasikupe furaha. Hizo ni nguo kuukuu tu. Kidukari hujivua ngozi mara 4 kabla ya kukomaa, na wakulima wengi huyaona wakadhani dawa imefanya kazi.

Sasa nije kwenye ununuzi. Hapa ndipo nisipokubaliana na kijana wa agroveti, au niseme nakubaliana naye nusu. Hakuna nyigu wa vidukari wote. Kila mmoja ana mapendeleo yake, na chupa isiyolingana na kidukari wako ni pesa iliyotupwa.

Kwenye sukuma wiki, ikiwa vidukari wako wana rangi ya kijivu na wamefunikwa na unga kama majivu, huyo ni Brevicoryne brassicae, kidukari wa jamii ya kabichi. Nyigu wake ni Diaeretiella rapae, aliyeenea karibu dunia nzima na ambaye tunaye hapa Kenya shambani, bila mtu kumleta kwenye chupa. Kinachonivutia kwake ni namna anavyotafuta. Sukuma, kabichi na haradali zina kemikali ambazo jani likijeruhiwa hutoa harufu kali, ile inayokupanda puani unapotafuna haradali. Mmea uliitengeneza ili kufukuza wadudu. Kidukari wa kijivu amejifunza kuihifadhi mwilini mwake kama silaha, na nyigu naye amejifunza kuifuata harufu hiyohiyo ili ajue sukuma iko wapi. Kwa hiyo shamba lako la sukuma linanukia kwake kutoka mbali, na ndiyo maana amefika. Nyigu wa kawaida wa dukani, Aphidius colemani, hafanyi vizuri kwa kidukari huyu wa kijivu. Ukimwachilia kwenye sukuma utangoja bila kuona kitu, kisha utamlaumu mdudu asiye na kosa.

Kwenye hoho mambo ni tofauti. Huko vidukari huwa wa kijani au waridi, wanaong'aa, hawana unga, na mara nyingi ni Myzus persicae. Au ni wadogo zaidi, rangi kati ya manjano na kijani kibichi sana, wenye vijibomba vyeusi, nao ni Aphis gossypii, kidukari wa pamba. Hao wote wawili ndio chakula kipendwacho cha Aphidius colemani. Lakini ukiona wakubwa wenye miguu mirefu, kama wale wanaopenda nyanya, na ambao hujiangusha chini ukitikisa jani, hao ni Macrosiphum euphorbiae, nao wanahitaji Aphidius ervi, ambaye ni mkubwa zaidi ya ndugu yake. Usinunue chochote kabla hujajua ni yupi. Chukua majani matatu, uyatie kwenye mfuko wa karatasi, uende nayo kwa afisa wa kilimo wa wadi yako au kwa muuzaji mwenyewe, na umtake akuambie jina la kidukari kabla hajakuambia bei ya nyigu.

Ushauri wangu basi ni huu: kwa sukuma ya nje usinunue, na kwa hoho ya ndani unaweza kununua, ikiwa yafuatayo yako tayari.

La kwanza ni dawa uliyopiga. Soma kibandiko cha chupa. Ikiwa jina la kiungo lina mwisho wa "-thrin", hiyo ni jamii ya dawa zilizoundwa kwa mfano wa pareto yetu, lakini zikafanywa zisivunjwe na jua. Pareto ya asili huisha nguvu upesi kwenye mwanga, ilhali hizi za kiwandani hubaki kwenye majani na kwenye plastiki kwa wiki nyingi, na nyigu akitembea juu yake hufa. Mkulima mmoja wa upande wa Kiserian aliwahi kuniita kwa hasira kwamba nyigu wake wote walikufa siku ya pili. Nilipomhoji alikumbuka kwamba mwezi uliotangulia alikuwa amepuliza kuta na nyavu za madirisha ili kufukuza nzi weupe. Majani alikuwa ameyaacha, na hakudhani kwamba wavu nao ni barabara ya nyigu. Dawa zinazonyonywa na mmea, mfano imidacloprid, nazo zina athari inayokawia. Ikiwa ulitumia mojawapo ya hizi ndani ya kivungulio, subiri wiki 8 mpaka 12, na zaidi ikiwa ulirudia. Muda huo tumia sabuni, kama nitakavyoeleza.

La pili ni idadi ya vidukari. Nyigu ni mlinzi, si zimamoto. Anafaa unapoona vidukari wachache hapa na pale, mmoja mmoja au makundi madogo. Ikiwa majani ya hoho yamekwisha kujikunja, yananata kwa ule utamu ambao vidukari huuacha, na juu yake pameota ukungu mweusi kama masizi, umechelewa kwa wiki kadhaa, na hakuna idadi ya nyigu utakayoweza kulipia itakayoshika mbio hizo. Kwanza kata ncha zilizojaa vidukari uzitoe nje, halafu nyunyiza maji ya sabuni laini chini ya majani, jioni, mara mbili ndani ya wiki moja, ukijaribu kwanza kwenye mche mmoja ili uone kama haunguzi. Sabuni huua kidukari kwa kumgusa tu ikiwa bado mbichi, ikikauka haina sumu inayobaki, na nyigu aliyemo ndani ya ganda huwa amekingika kwa kiasi kikubwa. Siku moja au mbili baadaye unaweza kuachilia nyigu.

Kivungulio chako kina mita za mraba 120. Viwango vinavyotumika sana ni karibu nyigu mmoja kwa kila mita 4 za mraba kila wiki ikiwa ni kwa kinga, na kati ya nusu nyigu na mmoja kwa mita ya mraba ikiwa vidukari wamekwisha kuonekana, ukirudia kwa wiki 3 mfululizo. Kwako hiyo ni kama nyigu 30 kwa wiki kwa kinga, au 60 mpaka 120 kwa matibabu. Wauzaji hufunga mamia katika chupa moja, kwa sababu wateja wao wa kawaida ni mashamba makubwa ya mboga na maua. Kwa hiyo huwezi kununua chupa peke yako bila kupoteza, na huwezi kuihifadhi kwa matumizi ya wiki ijayo, maana nyigu hawa ni viumbe hai wanaotakiwa kuachiliwa siku wanapofika au kesho yake. Tafuta majirani watatu au wanne wenye vivungulio, mwagize pamoja na mgawane siku hiyohiyo. Uliza pia kama bidhaa hiyo imesajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, yenye ofisi zake Loresho, na usikubali kamwe wadudu walioletwa na mtu mkobani kutoka ng'ambo. Kiumbe hai anayeingizwa nchini anahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, na kanuni hiyo ina sababu: mdudu akishatoroka, hakuna anayeweza kumrudisha.

Namna ya kuachilia ni rahisi, lakini hapo ndipo nilipowahi kuaibika. Chupa huja na maganda ndani ya vumbi la mbao, na baadhi ya nyigu wameshatoka. Hufunguliwa asubuhi mapema au jioni, ndani ya kivungulio, karibu na mimea yenye vidukari, mahali penye kivuli pasipomwagiliwa maji, na huachwa hapo kwa siku kadhaa ili waliochelewa nao watoke. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliiweka chupa chini, kwenye udongo, nikaenda zangu. Niliporudi kesho yake nilikuta mstari wa sisimizi kutoka kwenye mdomo wa chupa mpaka kwenye nguzo, kila mmoja amebeba ganda lake. Tangu hapo huining'iniza chupa kwa waya uliopakwa grisi.

Na sisimizi si adui wa chupa pekee. Wanaufuga umati wa vidukari kama sisi tunavyofuga ng'ombe: wanawapapasa, wanakamua ule utamu, na nyigu akikaribia wanamfukuza. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina la hoho au sukuma, nyigu wako wanafanya kazi nusu siku. Tafuta kichuguu chao ukimwagie maji ya moto, mbali na mizizi ya mmea, au paka grisi au gundi kwenye kamba na nguzo wanazopandia. Katika uzoefu wangu hatua hii peke yake imewahi kubadilisha hali ya shamba kuliko chupa yoyote.

Joto nalo usilisahau. Aphidius hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 20 na 25. Ikizidi 30 hulegea, na Ruai mwezi wa Februari saa nane mchana, ndani ya plastiki, 30 huvukwa kwa urahisi. Fungua pande zote mapema. Na zile karatasi za njano zenye gundi unazotundika kunasa nzi weupe, ziondoe nyingi wiki ya kuachilia, kwa kuwa zinanasa nyigu pia. Bakisha moja au mbili za kukupa habari.

Kuhusu swali lako kama jambo hili ni la kweli au ni maneno ya maonyesho ya kilimo pale Jamhuri, nikukumbushe kitu ulichokiona kwa macho yako. Wewe uliyekuwa ukifundisha miaka ya 1990 utakumbuka nyua za misaipresi kuanzia Kikuyu mpaka Limuru zilivyogeuka hudhurungi na kukauka. Yule alikuwa kidukari, kidukari wa msaipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Hakuna bomba lingeweza kupiga dawa misitu ya nchi nzima. Kilichofanyika ni kutafuta nyigu wake katika asili yake ya ng'ambo, Pauesia juniperorum, ambaye aliachiliwa Malawi mwaka 1994 na kisha akaletwa kwetu kupitia watafiti wa misitu wa KEFRI pale Muguga. Misaipresi unayoiona leo imesimama kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mdudu ambaye hakuna anayemjua. Vilevile mwaka 2002 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo na chenye makao yake Kasarani, si mbali nawe, waliachilia nyigu mwingine, Diadegma semiclausum kutoka Taiwan, katika milima ya Taita na upande wa Limuru, ili kumpunguza nondo anayetoboa kabichi na sukuma. Alishika. Lakini mahali ambapo wakulima waliendelea na dawa zao za kalenda, hakuweza kufanya alichofanya kwa jirani aliyepunguza.

Utasikia pia juu ya kupanda ngano au shayiri ndani ya kivungulio, ikiwa na vidukari wa nafaka wasioshambulia hoho, ili nyigu wapate pa kuzalia hata hoho ikiwa safi. Ni mbinu nzuri kwa shamba la hekta kadhaa lenye mtu wa kuitunza. Kwako sioni faida, na ikiwa jirani amepanda mahindi karibu utamgombanisha na vidukari hao. Badala yake acha dhania chache zitoe maua ukutani mwa kivungulio na pembeni mwa sukuma. Nyigu mzima wa ganda la kahawia hali kidukari, hunywa nekta na ule utamu wa vidukari, na maua madogo ya dhania yana kina kinachofaa kinywa chake kifupi. Jike aliyekula huishi siku nyingi zaidi kuliko aliye na njaa, na kila siku ya ziada ni mayai.

Kuna jambo moja ambalo nyigu hawezi kulifanya, na sitaki uligundue kwa hasara. Vidukari hubeba virusi vya mimea, na baadhi ya virusi hivyo huambukizwa katika muda mfupi sana, kidukari anapochovya mdomo jani moja na kuhamia jingine. Hata kidukari aliyekwisha kutagiwa yai anaweza kueneza. Kwa hiyo mche wa hoho wenye majani yaliyodumaa na mabaka ya kijani hafifu, ung'oe uutoe nje mara moja. Usingoje nyigu akuponyeshe.

Na kwenye sukuma, kwa wiki 2 zijazo, fanya hivi. Chagua miche 10 kila baada ya siku 4, hesabu vidukari hai na maganda kwenye jani moja la kila mche, uandike daftarini. Mimi nikikuta ganda 1 kwa kila vidukari 10 hai, husubiri bila kugusa kitu, kwa sababu wako wengine wengi waliokwisha kutagiwa ambao bado wanaonekana wazima. Wiki ya pili hesabu hiyo kwa kawaida hubadilika haraka. Ikiwa haibadiliki na vidukari wanaongezeka, rudi kwenye maji ya sabuni, kwa miche iliyozidiwa tu.

Kuhusu majani unayovuna: maganda hayo yameshikwa kwa hariri, kwa hiyo maji matupu hayayatoi, itakubidi uyasugue kwa kidole unapoosha. Hayana madhara yoyote ukiyala, ila hayapendezi machoni. Lakini yale majani ya chini yaliyozeeka, ambayo kwa desturi huwa unayachuma na kuwatupia kuku, ndiyo yenye maganda mengi kuliko yote. Usiwape kuku siku hiyohiyo. Yalaze kivulini kati ya mistari ya sukuma kwa wiki moja, mbali na njia ya sisimizi, mpaka uone matundu, ndipo uwape.